Fujita: Msomi aliyesoma nguvu za upepo katika vifusi

KABLA ya mwaka 1971, mtu aliyetaka kujua tornado fulani ilikuwa na nguvu kiasi gani hakupata jibu la maana. Kisulisuli hicho kikali, kinachozunguka mithili ya pia na kushuka ardhini kutoka katika wingu zito, kilivunja karibu kila chombo kilichothubutu kukipima. Mara nyingi hata hakikupita mahali palipokuwa na chombo.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani, nchi inayokumbwa na tornado nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, ilikuwa ikizihesabu tu. Ile iliyovunja matawi ya miti ilihesabiwa kuwa moja, na ile iliyofagia mtaa mzima na kuacha misingi mitupu ikahesabiwa pia kuwa moja.

Aliyeondoa kasoro hiyo ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefunza katika Chuo Kikuu cha Chicago kwa zaidi ya miongo mitatu, na ambaye wanahabari wa Marekani walimbandika jina la Bwana Tornado. Hoja yake ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ngumu kuitekeleza: upepo usioweza kupimwa ukiwa njiani unaweza kupimwa baadaye, kwa kuchunguza mabaki uliyoyaacha nyuma.

Hoja hiyo hakuipata darasani. Mizizi yake ilianza kuota alipokuwa kijana wa miaka 24, akitembea katika majivu ya miji miwili iliyoteketezwa kwa mabomu ya atomiki.

Mwana wa mwalimu

Fujita alizaliwa Oktoba 23, 1920 huko Sone, katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Eneo hilo leo ni sehemu ya jiji la Kitakyushu. Babake alikuwa mwalimu, na kijana huyo alionyesha mapema kipaji cha hesabu na uchoraji wa ramani. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo alimsaidia mhadhiri wa jiolojia kuchora ramani za milima ya volkeno.

Alipohitimu shule ya upili alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kwenda Hiroshima kusomea ualimu. Ya pili ilikuwa kujiunga na Chuo cha Ufundi cha Meiji kilichoko Tobata, karibu na nyumbani.

Babake, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa mahututi, alishikilia kwamba mwanawe aende Meiji. Mzee huyo aliaga dunia mwaka 1939, na mwanawe akatii wosia wake. Alihitimu katika uhandisi wa mitambo mwaka 1943 na kubaki chuoni humo akifunza fizikia, huku nchi yake ikizidi kuzama katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Agosti 6, 1945, Marekani iliangusha bomu la atomiki mjini Hiroshima. Fujita aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba neno la babake ndilo lililomwepusha na mauti siku hiyo.

Siku tatu baadaye aliponea chupuchupu kwa mara ya pili. Ndege ya kivita iliyobeba bomu jingine ilikuwa imeagizwa kulitupa Kokura, mji uliokuwa na kiwanda kikubwa cha silaha, kilomita chache tu kutoka Tobata alikokuwa akifanya kazi. Marubani walipita juu ya mji huo mara tatu bila kuiona shabaha yao, kwa kuwa anga ilikuwa imefunikwa na mawingu na moshi. Walipoona mafuta yanapungua, waligeuza ndege kuelekea Nagasaki, mji uliokuwa wa pili katika orodha yao.

Makumi ya maelfu ya watu waliangamia Nagasaki, nao wakazi wa Kokura na vitongoji vyake wakasalimika kwa sababu ya hali ya hewa ya asubuhi moja.

Mianzi ya makaburini

Wiki chache baadaye, Fujita alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza uharibifu. Mji ulikuwa umegeuka kifusi, na hapakuwa na chombo chochote kilichosalia ambacho kingeeleza mlipuko ulitokea umbali gani kutoka ardhini. Ilibidi vitu vyenyewe vilivyoungua vitoe ushahidi.

Makaburini, Wajapani wana desturi ya kusimamisha vipande vya mwanzi ambamo huweka maua ya kuwakumbuka wafu wao. Fujita aligundua kwamba vipande hivyo vilikuwa vimeungua upande mmoja tu, ule ulioelekea mlipuko. Alipima pembe za alama hizo katika makaburi mbalimbali, kisha akarudisha mistari yake angani hadi ilipokutana. Hapo ndipo bomu lilipolipukia. Wataalamu walikuja kubaini kwamba lililipuka takriban mita 500 juu ya ardhi.

Aliona jambo jingine pia. Miti iliyokuwa chini kabisa ya mlipuko ilikuwa imesimama, japo imekuwa makaa. Iliyokuwa mbali kidogo ilikuwa imelala chini, ikielekea nje kila upande, kama miali ya nyota. Msukumo uliotoka juu ulikuwa umegonga ardhi na kutawanyika. Picha hiyo ilikaa akilini mwake, na miaka 29 baadaye ingemsaidia kutegua kitendawili cha ndege zilizokuwa zikianguka.

Ripoti iliyotupwa jaani

Vita vilipokwisha, Japani ilikuwa maskini na vifaa vya utafiti vilikuwa adimu. Fujita aligeukia elimu ambayo haikuhitaji zaidi ya jicho kali, kalamu na karatasi, nayo ni elimu ya hali ya hewa.

Mnamo Agosti 1947 alifuatilia dhoruba ya radi akiwa katika kituo cha hali ya hewa kilichoko Mlima Sefuri. Vipimo vyake vilimwonyesha kwamba wingu la radi halivuti hewa kwenda juu pekee, bali pia huporomosha hewa nzito na baridi hadi chini. Mwaka uliofuata tornado ilipiga eneo la Enoura katika kisiwa hicho hicho, naye akaenda kukagua njia iliyopitia. Huo ulikuwa ukaguzi wake wa kwanza wa aina hiyo.

Bahati ilimjia kutoka jaani. Katika kituo cha rada cha Wamarekani kilichokuwa mlimani humo, mtu aliokota ripoti iliyotupwa kuhusu dhoruba za radi, na ripoti hiyo ikafika mikononi mwa Fujita. Mwandishi wake alikuwa Horace Byers, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Fujita alinunua taipureta ya herufi za Kiingereza, akatafsiri utafiti wake na kumtumia msomi huyo ambaye hawakuwa wakijuana.

Byers alipoyasoma makala hayo alipigwa na butwaa. Yeye alikuwa ameongoza mradi mkubwa wa serikali ya Marekani uliotumia ndege na rada kuchunguza dhoruba za radi. Sasa aliletewa makala ya mhadhiri asiyejulikana, kutoka nchi iliyoshindwa vitani, aliyefikia matokeo yanayokaribiana na yake kwa gharama ndogo mno.

Alimwalika Chicago. Fujita alikamilisha shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1953, na mwaka huo huo akaelekea Marekani. Isipokuwa kipindi kifupi alichorejea Japani kushughulikia kibali cha uhamiaji, huko ndiko alikoishi hadi kifo chake. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1968 na kujiongezea jina la Theodore.

Picha za Fargo

Kazi iliyomtambulisha miongoni mwa wataalamu wa tornado ilimjia Juni 20, 1957, wakati tornado ilipoupiga mji wa Fargo katika jimbo la North Dakota na kuua watu kumi.

Tofauti na tornado nyingi zilizotangulia, hii ilipita mchana na kwa mwendo wa polepole, na wakazi wengi walikuwa na kamera. Kwa msaada wa kituo cha televisheni cha mji huo, Fujita alikusanya zaidi ya picha 100 walizopiga. Alikwenda mahali kila mpigapicha aliposimama, akapima pembe, akazipanga picha hizo kwa mfuatano wa dakika, kisha akaonyesha jinsi wingu lilivyozaliwa, likazunguka, likashuka na kufa.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1960. Majina aliyoyapa sehemu mbalimbali za wingu la tornado, kama vile wingu la ukuta na wingu la mkia, bado hutumiwa na watabiri wa hali ya hewa.

Kuanzia hapo kila palipotokea tornado kubwa Fujita alifika, mara nyingi akiwa ndani ya ndege ndogo inayoruka chini, kamera mkononi. Wakaguzi wengine waliona mashamba yaliyovurugwa, ilhali yeye aliona maandishi. Michoro ya duara iliyobaki katika mashamba ya mahindi ilimfunza kwamba tornado moja inaweza kubeba ndani yake visulisuli vidogo kadhaa vinavyozunguka kwa pamoja. Ndiyo maana nyumba moja husagwa huku ya jirani ikibaki na paa lake.

Ngazi sita

Upimaji wa upepo kwa kutazama athari zake haukuanza na Fujita. Mnamo 1805, Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kutunga kipimo cha ngazi 0 hadi 12, ambapo 0 ni shwari na 12 ni kimbunga kisichoacha tanga salama. Hata hivyo, kipimo cha Beaufort kilikoma pale ambapo upepo unapita takriban kilomita 118 kwa saa. Tornado nyingi zinazoua watu huanzia hapo na kwenda juu.

Mwaka 1971 Fujita alitandika daraja juu ya pengo hilo. Aliunda ngazi zinazoanzia mwisho wa kipimo cha Beaufort hadi kasi ya sauti, ingawa hakutarajia tornado yoyote ipite ngazi ya tano. Kila ngazi aliiandikia dalili zake.

Ngazi ya F0, kilomita 64 hadi 116 kwa saa, huvunja matawi na kuharibu mabomba ya moshi. F1, hadi kilomita 180, hubambua vigae vya paa na kusukuma magari nje ya barabara. F2, hadi kilomita 253, hung'oa mapaa mazima na miti mikubwa. F3, hadi kilomita 332, hubomoa kuta za nyumba imara na kupindua magari-moshi. F4, hadi kilomita 418, husawazisha nyumba zilizojengwa vyema na ardhi. F5, inayofika kilomita 512, huinua nyumba kutoka katika misingi yake na kuipeperusha.

Allen Pearson, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kitaifa cha utabiri wa dhoruba kali, alishirikiana naye na kuongeza vipimo vya urefu na upana wa njia ya tornado. Mfumo huo ulikubaliwa kote nchini. Wasaidizi waliajiriwa kupekua magazeti ya zamani, na kwa kusoma habari za uharibifu wakazipangia ngazi tornado zote zilizorekodiwa tangu 1950.

Manufaa yalionekana mara moja. Wahandisi waliokuwa wakibuni vinu vya nyuklia waliweza kujua wajenge kuta za kuhimili upepo gani. Ilibainika pia kwamba tornado za F4 na F5 ni sehemu ndogo mno ya jumla, lakini ndizo zinazosababisha vifo vingi kupita kiasi.

Tofauti na vimbunga vya baharini

Katika miaka hiyo hiyo, wataalamu wengine wawili wa Marekani walikuwa wakishughulikia vimbunga vinavyozaliwa baharini. Mhandisi Herbert Saffir, akifanya utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu nyumba za gharama nafuu, alitunga mwaka 1969 ngazi tano za uharibifu. Robert Simpson, mkuu wa kituo cha kitaifa cha vimbunga, akaziongezea makadirio ya maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu.

Kipimo chao huanza na kasi ya kilomita 119 kwa saa, na ngazi ya tano huanzia kilomita 252. Tofauti yake na kipimo cha Fujita ni kubwa. Kimbunga cha baharini huwa na upana wa mamia ya kilomita na huishi kwa siku nyingi, hivyo ndege na setilaiti huweza kukipima kabla hakijafika pwani. Ngazi yake ni onyo. Tornado hudumu kwa dakika, na ngazi yake hutolewa baada ya wafu kuzikwa.

Hata hivyo, ngazi ya kimbunga huweza kupotosha. Kimbunga Katrina kilipotua karibu na New Orleans mwaka 2005 kilikuwa kimeshuka hadi ngazi ya tatu, lakini maji yake yaliangamiza zaidi ya watu 1,300. Mnamo 2010 makadirio ya maji yaliondolewa katika kipimo hicho, nacho kikabaki kipimo cha upepo pekee.

Kwa upande wa Bahari ya Hindi kusini-magharibi, vimbunga hupimwa kwa ngazi tofauti kutoka kisiwa cha Réunion, na wastani wa upepo huchukuliwa kwa dakika kumi badala ya dakika moja inayotumiwa na Wamarekani. Pwani ya Kenya husalimika kwa kuwa iko karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia hautoshi kuuzungusha upepo. Hali si hiyo kusini zaidi. Kimbunga kiliipiga Zanzibar mnamo Aprili 1872 na kuteketeza mikarafuu, kingine kikafika Lindi mnamo Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua katika Kisiwa cha Mafia.

Tornado 148 kwa siku moja

Kipimo cha Fujita kilipitia mtihani wake mkubwa Aprili 3 na 4, 1974. Ndani ya saa 24, tornado 148 zilipiga majimbo 13 ya Marekani na kuua zaidi ya watu 300. Fujita na wenzake waliruka juu ya njia zote kwa miezi kadhaa, kisha akachora ramani moja iliyoonyesha kila tornado ilikoanzia, ilikoishia na ngazi yake katika kila sehemu ya safari.

Akiwa katika ziara hizo, juu ya misitu iliyo karibu na Beckley, West Virginia, aliona jambo lililomrudisha Nagasaki. Miti ilikuwa imelala chini kama miali ya nyota, ikielekea nje kutoka sehemu moja. Tornado hulaza miti kwa mzunguko. Hii ilikuwa imelazwa na upepo ulioporomoka kutoka juu.

Mwaka mmoja baadaye kumbukumbu hiyo ikawa na uzito wa uhai na kifo. Juni 24, 1975, ndege ya Eastern Airlines iliyokuwa ikitua katika uwanja wa John F. Kennedy, New York, ilianguka kabla ya kufika barabara ya kutulia. Watu 113 kati ya 124 waliokuwamo walikufa. Ndege nyingine zilikuwa zimetua salama dakika chache awali, na ilielekea kwamba lawama zingewaangukia marubani.

Fujita alipotakiwa kuchunguza, alikusanya rekodi za ndege zote zilizopita hapo jioni hiyo. Alihitimisha kwamba wingu la radi lilikuwa limeporomosha upepo katika eneo dogo, labda la kilomita chache tu. Ndege inayoingia humo kwanza hukutana na upepo wa mbele unaoiinua, na rubani hupunguza kasi ya injini. Sekunde chache baadaye upepo huikandamiza chini, kisha humgeukia na kumsukuma kutoka nyuma. Mabawa hupoteza nguvu ya kubeba, na ardhi huwa karibu mno.

Wenzake wengi hawakumwamini. Walidai kwamba upepo unaoshuka kutoka wingu la radi hupoteza nguvu kabla ya kufika chini, na kwamba alichokiona ni upepo wa kawaida wa dhoruba aliopachika jina jipya.

Fujita hakubishana sana kwa maneno. Mwaka 1978 aliongoza mradi uliozungusha rada karibu na Chicago, na mwaka 1982 akashiriki mradi mwingine karibu na Denver. Rada zilinasa miporomoko hiyo moja baada ya nyingine. Huko Denver, Juni 12, 1982, akiwa na umri wa miaka 61, ndipo pia alipoiona tornado kwa macho yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Ushahidi ulizidi kumiminika, mwingine kwa gharama ya maisha. Julai 1982, ndege ya Pan Am ilianguka karibu na New Orleans na kuua watu 153. Agosti 1, 1983, mporomoko mkali ulipiga kambi ya Andrews dakika chache tu baada ya ndege ya Rais Ronald Reagan kutua hapo. Agosti 2, 1985, ndege ya Delta ilianguka Dallas na watu 137 wakafa.

Baada ya hapo hapakuwa na aliyebisha. Marubani walianza kufunzwa namna ya kuutambua na kuuepuka upepo huo, ndege zikawekewa vitambuzi, na rada maalumu zikajengwa kwa ajili ya viwanja zaidi ya 40 vya Marekani. Ajali kubwa ya mwisho ya aina hiyo ya ndege ya abiria nchini humo ilitokea Charlotte mnamo Julai 1994, ambapo watu 37 walifariki.

Kasoro na marekebisho

Fujita alistaafu ualimu mwaka 1990 lakini hakuacha kazi. Kimbunga Andrew kilipolipiga jimbo la Florida mwaka 1992, alikagua mitaa iliyobomolewa na kueleza kwamba visulisuli vidogo ndani ya kimbunga ndivyo vilivyosababisha baadhi ya nyumba kuharibiwa vibaya kuliko za jirani. Alifariki nyumbani kwake Chicago Novemba 19, 1998, akiwa na umri wa miaka 78.

Wakati huo kasoro za kipimo chake zilikuwa zikijadiliwa waziwazi. Kasi alizoziandika zilikuwa makadirio ya mhandisi, si vipimo. Nyumba iliyopigiliwa misumari michache huweza kung'olewa na upepo mdogo kuliko alivyodhani, na hivyo tornado dhaifu ikapewa ngazi isiyostahili. Aidha, tornado inayopita nyikani, pasipo nyumba wala mti, hukosa kitu cha kuishuhudia.

Mei 3, 1999, miezi michache baada ya kifo chake, rada iliyobebwa kwa lori ilipima upepo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa ndani ya tornado karibu na Oklahoma City. Hivyo ilithibitika kwamba kasi za kutisha alizozikadiria zinaweza kufikiwa. Hata hivyo, wahandisi walionyesha kwamba nyumba huporomoka kabla upepo haujafika kasi hizo.

Kuanzia Februari 1, 2007, Marekani inatumia kipimo kilichoboreshwa. Mkaguzi hupewa aina 28 za majengo na miti, na kila aina ina hatua zake za uharibifu. Ngazi ya juu, EF5, sasa huanzia zaidi ya kilomita 322 kwa saa badala ya 419. Ngazi zimebaki sita, na jina la Fujita halikuondolewa.

Masharti yamekuwa makali. Baada ya tornado ya Moore, Oklahoma, mnamo Mei 2013, hakuna nyingine iliyopewa ngazi hiyo kwa miaka 12. Iliyofuata ilipiga karibu na Enderlin, North Dakota, Juni 20, 2025, na kuua watu watatu. Wakaguzi waliipandisha hadi EF5 miezi kadhaa baadaye, baada ya kukokotoa nguvu iliyohitajika kuyarusha mabehewa ya gari-moshi. Enderlin haiko mbali na Fargo, na tarehe hiyo ilitimiza miaka 68 kamili tangu tornado iliyompa Fujita umaarufu.

Mataifa mengine yamekitohoa kipimo hicho kulingana na majengo yao. Japani, nchi aliyozaliwa, ilianza kutumia kipimo chake mnamo Aprili 2016. Wakaguzi wa huko hutazama nyumba za mbao, magari madogo, mashine za kuuzia vinywaji kandokando ya barabara, na pia mawe ya makaburi.